Koshari yangu imekuwa bokoboko

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilisoma Al-Azhar, Kairo, na koshari, ule mchanganyiko wa Kimisri wa wali, adesi, makaroni, dengu na rojo ya nyanya, ndiyo iliyokuwa ikitushibisha wanafunzi, maana ni chakula cha bei nafuu. Sasa niko Tanga na mume wangu. Juzi nimeipika: wali na adesi vikashikana kama bokoboko, vitunguu vikanywea. Mume akasema kisicho na nyama hakina ladha, mara nyingine nitie kuku. Nirekebishe wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuku mwache bandani. Kule Misri Wakristo wa Koptiki, ambao wakifunga hawagusi nyama, maziwa wala samli, hushiba koshari vizuri tu. Ladha yake inatoka kwenye kitunguu, na hapo ndipo naona ulipoharakisha.

Chukua vitunguu maji vikubwa 4, vikate vyembamba vilingane, la sivyo vingine vitaungua na vingine vibaki vibichi. Nyunyiza chumvi, viache vitoe maji, kisha vikamue kwa kitambaa. Vichanganye na vijiko 2 vya unga wa ngano, ukung'ute unaozidi. Mafuta yawe mengi, moto wa wastani, na wewe usiondoke jikoni. Simu weka mbali. Vikipata rangi ya dhahabu iliyokolea, epua. Usingoje viwe kahawia, kwani vinaendelea kuiva hata vikishatoka karaini. Vitandaze kwenye karatasi, usivirundike wala kuvifunika. Mvuke ndio uliokuponza.

Yale mafuta usimwage! Yachuje, ndiyo utakayopikia vilivyobaki.

Adesi tumia za kahawia, nyekundu huvurugika. Kikombe 1 kichemshe dakika 15 hivi, ziive nusu, uzichuje. Nadhani wewe uliweka adesi na mchele pamoja tangu mwanzo. Adesi zilipoiva, mchele ulikuwa umeshakufa. Kaanga tambi kidogo zilizovunjwavunjwa kwenye mafuta ya kitunguu, zikigeuka rangi tia mchele kikombe 1 na nusu, geuza, ndipo utie adesi, chumvi na maji ya moto vikombe 2 na nusu. Yakikaribia kukauka funika, moto uwe mdogo kabisa. Mchele wa kawaida unatosha, basmati ya nini?

Makaroni na dengu nzima (roweka tangu usiku) kila kimoja na sufuria yake. Ndiyo, vyombo vitakuwa vingi. Ataosha huyo anayetaka kuku.

Rojo ni nyanya za kusaga, thomu, bizari nyembamba na pilipili, juu ya mafuta yale yale ya kitunguu. Ipike mpaka mafuta yaelee, umalizie na kijiko cha siki. Ile da'a usiisahau: thomu iliyotwangwa, bizari nyembamba, giligilani, siki, ndimu na maji moto kidogo. Hii iweke pembeni pamoja na pilipili ya shata, kila mtu ajimwagie, kama wafanyavyo hata kwenye mgahawa wa koshari wa Abou Tarek, pale mtaa wa Champollion, Kairo. Ukiimwaga yote sufuriani, wali utalowa na tutarudi kwenye bokoboko.

Pakua wali chini, makaroni juu yake, halafu rojo, kisha dengu. Vitunguu vije mwisho kabisa, na mumeo awe ameshakaa, ameshanawa.