Kumshauri Mume Anayepiga

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Nilifundishwa kuwahudumia wanawake waliofanyiwa ukatili, lakini siku hizi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi huniletea waume zao pia, nami huwaketisha pamoja tusuluhishe. Je, kumshauri mtenda ukatili kunahitaji mafunzo ya pekee?

JIBU: Yanahitajika, ndugu msomaji, na jambo la kwanza ambalo yangekuondolea ni hicho kikao cha pamoja. Mke akieleza mbele ya mumewe jinsi anavyopigwa, huenda maneno hayo yakamtokea puani wakifika nyumbani. Asipoeleza, utabaki na maelezo ya upande mmoja huku ukidhani umewapatanisha. Mkataba wa Istanbul wa Baraza la Ulaya, wa mwaka 2011, unazitaka nchi zilizouridhia ziwe na programu za kuwarekebisha watenda ukatili, lakini unatanguliza usalama wa wahanga.

Katika mji wa Duluth, Marekani, ambako mpango wa namna hiyo unaoigwa na wengi ulianza mwaka 1981, wanaume hukutana kwa vikundi kwa majuma mengi, na mjadala hauishii kwenye ngumi, bali hugusa pia fedha, vitisho, na kumtenga mke na ndugu zake. Wapo watafiti wanaoona kwamba mafanikio ya programu za namna hiyo ni madogo, nami nadhani hoja yao isipuuzwe.

Ujuzi mgumu zaidi ni kusikiliza visingizio. Mume atakuambia, “Ni pombe tu, mimi si mtu wa hivyo.” Asiyefundishwa humkubalia au humgombeza, na kwa vyovyote vile mume haulizwi chochote kuhusu uamuzi wake mwenyewe. Aliyefundishwa humwuliza kwa utulivu kama pombe hiyohiyo imewahi kumfanya ampige bosi wake, kisha humwacha ajibu, hata kimya kikirefuka. Umahiri huo hauji kwa mihadhara. Huja kwa kuigiza mazungumzo darasani na kukosolewa na wenzako, kisha kufanya kazi chini ya msimamizi mzoefu. Na mume huyo akidai kwamba ana haki ya kumrudi mkewe kwa kipigo, msomee kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kinachosema hakuna mwenye haki hiyo.

Kwa sasa, waone siku tofauti, ukianza na mke, na umweleze mume mapema kwamba tishio lolote la kudhuru mtu hutalifanya siri.