Folda ya ofisi haifunguki: nywila siyo mchawi wenu

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Tuna kompyuta saba. Moja ina Windows 10, ndiyo tunayoiita seva, na folda ya hesabu tunaishea kutoka humo. Tuliponunua kompyuta mpya ya Windows 11 Pro, ikakataa kuifungua folda hiyo. Fundi akaja, akazima faiwoli, akaondoa nywila, akawasha SMB1 (lugha ya zamani ya kompyuta kushea faili) na kubadili mipangilio mingine ya ndani, ikafunguka. Wiki mbili baadaye umeme ulikatika usiku, na asubuhi kompyuta zote zikawa zinaandika kosa 0x80070035. Fundi anasema seva imechoka, tununue nyingine. Tununue?

JIBU: Msinunue, ndugu mhasibu. Windows ya kawaida inaruhusu hadi mashine 20 kuunganishwa nayo kwa wakati mmoja. Ninyi mko saba. Na kosa hilo maana yake ni kwamba kompyuta zimekwenda kubisha hodi mahali ambapo seva haipo.

Fungua sifa za ile njia ya mkato mnayobofya kila asubuhi. Nitashangaa usipokuta namba, kitu kama \\192.168.1.7. Namba hiyo huazimwa kutoka kwenye ruta. Umeme ukikatika na vifaa vyote vikawaka upya, seva inaweza kupewa 12 na ile 7 ikaenda kwa simu ya mtu. Kaa kwenye seva, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, ulinganishe. Ukiona namba inayoanza na 169.254, seva haikupata anwani kabisa, basi shika waya na swichi kwanza. Namba ikiwa imebadilika tu, ingia kwenye ruta, itengee seva namba ya kudumu, halafu njia za mkato zitumie jina la kompyuta badala ya namba. Kazi ya dakika kumi.

Hilo ndilo dogo. Linaloniumiza ni lile lililofanyika wiki mbili kabla, kwa sababu nalikuta kila ofisi ninayoitwa: watu wanaamini nywila ndiyo inayozuia folda kufunguka, kwa hiyo ukiiondoa umetibu. Kwenu ni kinyume kabisa. Folda ilikataa kwa sababu nywila haikuwepo.

Tangu toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, Windows 11 Pro inadai kila mawasiliano ya kushea faili yawe na sahihi, na haikubali tena kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na jina. Sahihi hiyo hutokana na nywila ya anayeingia. Mgeni hana nywila, hana cha kutia sahihi, anarudishwa mlangoni. Kompyuta zenu za zamani zilikuwa zikiingia kama wageni miaka yote bila ninyi kujua. Hiyo mpya ndiyo ya kwanza kusema hapana, na badala ya kusikilizwa ikafungwa mdomo.

Kutengeneza kunakwenda hivi. Kwenye seva fungulia kila mfanyakazi akaunti yake yenye nywila, kisha rudisha kushea kunakolindwa kwa nywila. Kwenye folda ya hesabu ondoa lile kundi la "Everyone", weka majina ya wanaohusika tu. Kwenye kila kompyuta futa nywila za zamani zilizohifadhiwa kwenye Credential Manager, yaani ghala la nywila la Windows, maana Windows itaendelea kuwasilisha zile mbovu kimyakimya na utadhani umekosea. Ikiuliza, andika jina la seva, mkwaju wa nyuma (\), jina la akaunti, halafu nywila. Hapa wengi wanakwama saa nzima: wanaandika ile PIN ya kuwashia kompyuta. PIN inafanya kazi kwenye mashine ile ile tu, haivuki mtandao. Na akaunti yenye nywila tupu nayo hukataliwa ikitokea mtandaoni.

Faiwoli iwasheni leo. Ukiweka mtandao wa ofisi kuwa wa binafsi badala ya wa umma, na kuruhusu kushea faili, faiwoli yenyewe inapitisha kazi hiyo.

SMB1 izimeni leo hii pia. Haikuwa na uhusiano wowote na tatizo lenu. Windows 10 na 11 zinazungumza toleo la 3 la SMB bila msaada wa mtu. Lugha hiyo ya zamani ndiyo virusi vya kudai fidia vya WannaCry vilipitia Mei 2017, vikafunga faili za mashine katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, wakati kiraka cha Microsoft cha kuziba tundu hilo kilikuwa kimetoka tangu Machi. Mwaka huo huo Microsoft ikaacha kuiweka kwenye Windows mpya. Fundi anayeiwasha kabla hata ya kutazama kosa linasemaje anatibu kwa kubahatisha. Kama mna mashine kuukuu ya fotokopi inayoscani kwenda kwenye folda na haijui lugha nyingine, iscani kwenye flashi.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyoshea diski C yote kwa kila mtu, faiwoli imezimwa, "ili isisumbue". Mhudumu wa mapokezi alifungua kiambatisho kwenye kompyuta yake. Alipokwenda kunywa chai, virusi vikapanda kupitia mtandao hadi kwenye folda ya hesabu, kwa sababu hakuna aliyevizuia kuandika humo. Nilikuta risiti za miaka minne zina majina yasiyosomeka, na karatasi moja ya madai ya fidia katika kila folda. Nakala ya akiba walikuwa nayo: diski ya nje, imechomekwa kwenye seva usiku na mchana. Nayo ilikuwa imefungwa vilevile. Mhasibu wao aliketi akinyoosha kidole kwenye skrini, akisoma mwezi mmoja mmoja kwa sauti.

Kama mna fedha mlizotenga kwa seva, nunueni diski mbili za nje za kupokezana, na muihamishe seva kwenda Windows 11 kama mashine inakubali, kwa sababu huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Diski ikishanakili, ichomoe, iende kabatini. Ijumaa moja kila mwezi ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili moja la hesabu na ulisome hadi mwisho.