Jibu: mhina kwenye ardhi ya mawe

Dadangu, umeuliza kama mhina, ule mti wa hina, utashika hapo kwako Nyali, Mombasa, penye mawe ya matumbawe na udongo haba. Utashika, tena vizuri. Kata kijiti cha unene wa penseli, urefu shubiri moja, toa majani ya chini, ukipande mvua za mwezi wa nne zikianza, ila shimo chimba kwa mtaimbo uvunje ule mwamba maana mizizi ikikwama juu mti unadumaa tu, alafu tia samadi ya mbuzi iliyooza, kidogo. Miezi ya kwanza mwagilia, ukishachipua punguza. Nakusihi usiuzidishie maji, mhina uliopigwa jua ndio rangi yake hukolea mkononi. Wangu nikichuma naupogoa, sasa umefungana ukawa uzio mzima.