Nilipewa nafasi ya mlevi, na ndiyo iliyonifundisha kuchambua wahusika

Juzi Jumanne usiku nimepata meseji ya binti mmoja yuko Moshi, anarisiti fomu siksi, kaandika hivi: "Shikamoo ticha, naomba notisi za wahusika na dhamira za An Enemy of the People, zile fupi fupi, Ijumaa nina jaribio." Nikamjibu marahaba, halafu nikakaa na simu mkononi kama robo saa bila kuandika kitu, maana hiyo meseji ni yangu kabisa. Nilishawahi kuomba notisi za tamthilia hiyo hiyo, sema enzi zetu hakukuwa na WhatsApp, tulikuwa tunafuata madaftari ya kaka zetu waliomaliza, tunanakili usiku na tochi. Daktari Stockmann: jasiri, mkweli, mpenda watu. Meya: mbinafsi, katili, mnafiki. Nilikariri yote, nikaingia kwenye mtihani, nikamwaga yote, nikapata E. Hiyo E niliibeba moyoni muda mrefu sana na leo nataka niieleze vizuri, maana najua nyie mnaosoma hapa wengi mna ndoto kama niliyokuwa nayo, mnataka kuandika, kuigiza, kufundisha fasihi, kutengeneza filamu.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, pale kabla hujafika Usa River ukitokea Moshi. Anayejua ukanda ule anajua meno yetu. Maji ya kule yanashuka kutoka Mlima Meru, mlima wa volkano, yanapita kwenye miamba yenye madini ya floraidi, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajitengeneza yanatoka na rangi ya kahawia, mengine na mistari, na hata upige mswaki na mkaa na chumvi mpaka fizi zitoke damu hayabadiliki. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vya huku kwetu vinapita hapo mbali. Hayo niliyajua ukubwani. Utotoni nilijua tu kwamba nikicheka naweka kiganja mdomoni.

Sasa fomu siksi tukaambiwa kwenye mahafali tutaigiza onyesho la nne la hiyo tamthilia. Kwa asiyeijua, iliandikwa na Henrik Ibsen, Mnorwei, mwaka 1882, baada ya watu kumshambulia vibaya kwa tamthilia yake ya mwaka uliotangulia. Ni habari ya daktari wa mji mdogo wenye mabafu ya tiba, wagonjwa wanatoka mbali kuja kuoga na kunywa yale maji, mji unaishi kwa hiyo biashara, halafu daktari anapeleka sampuli chuo kikuu, majibu yanarudi: maji yamechafuliwa na viwanda vya ngozi huko juu bondeni. Yeye anadhani watamshukuru. Meya ni kaka yake wa damu, na huyo huyo ndiye anayeongoza kumzima.

Hebu fikirieni mtoto wa Maji ya Chai anasoma kitabu cha maji mabaya. Nilikisoma mara nne. Ile hotuba ya daktari kwenye mkutano niliikariri yote, nikawa naitoa peke yangu shambani kwa babu, migomba ndiyo wasikilizaji. Siku ya kuchagua waigizaji nikasimama wa kwanza. Mwalimu akaniangalia, akaniambia mbele ya darasa zima, "Daktari mwenye meno kama hayo nani atamwamini?" Darasa likaangua kicheko. Nafasi akapewa kijana mmoja mrefu mwenye sauti nzito, ambaye kitabu alikuwa hajakifungua, na mimi nikapewa mlevi. Ndiyo, kwenye lile onyesho kuna mlevi, anaingia kwenye mkutano anabwabwaja, wanamtoa nje, anarudi, wanamtoa tena. Nina miaka mingi sasa na bado nikipita karibu na ile shule naangalia upande wa pili wa barabara.

Ila kwa sababu nilikuwa na maneno machache, muda wote wa mazoezi nilikaa pembeni na kitabu nasubiri zamu yangu, na nikaanza kusoma vitu ambavyo daftari la kaka halikuwa navyo. Nikaona wapi? Mwisho kabisa wa onyesho. Watu wanapiga kura kumtangaza daktari kuwa adui wa watu, karatasi ya bluu ni hapana, nyeupe ni ndiyo. Mlevi anadai apewe zote mbili. Halafu Aslaksen, mwenyekiti wa mkutano, mtu wa chama cha wasiokunywa pombe, anatangaza kwamba mkutano umekubali, ukiacha kura za mlevi mmoja. Mji mzima! Wenye nyumba, wenye magazeti, wenye heshima zao, wote nyeupe. Doa pekee kwenye ule umoja wao ni mtu niliyepewa mimi nimuigize kwa sababu ya meno.

Nilikaa na hilo jambo siku kadhaa. Na ndipo likaja swali ambalo mpaka leo ndilo naingia nalo kwenye kila tamthilia na kila filamu: huyu mhusika akisema kweli, anaumia wapi?

Chukua Meya. Daftari linasema mbinafsi. Sawa, lakini muulize anaumia wapi. Mabomba yalilazwa mahali pabaya, yakibadilishwa mabafu yafungwe kama miaka miwili, gharama kubwa, miji ya jirani ichukue wateja, na lawama zote zimwangukie yeye aliyesimamia kazi. Hapo humuoni tena kama shetani wa kwenye katuni, unamuona kiongozi ambaye unamfahamu kwa sura. Chukua Aslaksen mwenyewe, mpiga chapa. Mwanzoni anamuunga mkono daktari kwa nguvu zote, anataka kumuandalia na tamko la shukrani, halafu Meya anakuja ofisini kwa gazeti anamwambia pesa za marekebisho zitatoka kwa wananchi, mji utakopa. Ghafla ripoti ya daktari haichapwi. Hakuna aliyemtishia kwa bunduki. Ameguswa mfukoni tu, na yeye ndiye msemaji wa wenye nyumba.

Na onyesho la tano ndilo linanimaliza kila nikilisoma. Asubuhi baada ya mkutano daktari yuko chumbani kwake anaokota mawe waliyomvunjia nayo madirisha, anainama anayatoa chini ya meza moja moja, anasema atawarithisha wanawe, halafu anayaangalia lile fungu anaona mawe makubwa ni mawili tu, mengine yote changarawe. Suruali yake nzuri nyeusi imechanika. Fundi wa vioo kaitwa, anasema hana uhakika kama ataweza kuja leo. Mwenye nyumba anawatoa. Petra, binti yake, mwalimu, amefukuzwa kazi. Kapteni Horster aliyewapa nyumba ya kufanyia mkutano, naye kazi hana. Na ukifuatilia sababu zao wote utakuta ni hiyo hiyo, hawathubutu. Mkuu wa shule hathubutu kumbakiza Petra, mwenye meli hathubutu kumbakiza Horster. Sasa wewe unaniandikia "dhamira: unafiki" unaweka nukta? Dhamira iko kwenye hilo neno hathubutu na kila mtu ana cha kwake kinachomfanya asithubutu. Waandike hao mmoja mmoja na uchungu wao, dhamira itakuja yenyewe.

Hata daktari msimuonee haya. Mpime kwa swali hilo hilo. Siku majibu yanafika anafurahi, anazunguka nyumbani anawaza heshima atakayopewa, na kuna raha fulani anapata kwa kuwa aliwahi kusema mabomba yasilazwe pale kaka yake akampuuza. Kwenye mkutano anaacha habari ya maji anaanza kuwatukana watu kwa kuwafananisha na mbwa koko. Mtu anayesema kweli na bado ana kiburi! Ukiandika hilo kwenye mtihani ukalithibitisha kwa matukio, msahihishaji ataweka kalamu chini akusome.

Miaka ya katikati naruka, ni chuo na kutafuta kazi, hakuna kipya. Nilipoanza kufundisha nikakutana na filamu ya Satyajit Ray wa India, Ganashatru, ya mwaka 1989. Ni tamthilia hiyo hiyo, sema Ray kaihamishia Bengali, na maji sasa ni maji matakatifu ya hekalu, waumini wanayanywa, watu wanaugua. Angalia mabadiliko hayo yanavyofanya kazi. Kwa Ibsen ukisema maji ni machafu unagusa biashara. Kwa Ray unagusa biashara na imani kwa pamoja, kwa hiyo kwenye mkutano daktari anabanwa mpaka kwenye dini yake. Maumivu yameongezeka, dhamira imepanuka. Na mwisho kabadilisha: daktari wa Ibsen anabaki na familia yake na Kapteni Horster, wa Ray anasikia sauti za vijana huko nje wanamuunga mkono. Ray wakati huo alikuwa mgonjwa wa moyo, filamu karibu yote kaipiga ndani ya nyumba, na nikiitazama naona kuta zile zimesaidia, daktari anasongwa, hewa hana. Mnaotaka kutengeneza filamu hapa Arusha mkalalamika hamna bajeti, itazameni hiyo.

Halafu rudini nyumbani, kwa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, 1969. Maji tena! Kule Ungoni na Umatumbini na kwingineko watu wanapigana na Mjerumani, vita ya 1905 hadi 1907, wakiamini maji ya Kinjeketile yatageuza risasi. Kwenye tamthilia yeye mwenyewe ameshaanza kuyatilia shaka. Mwisho yuko mikononi mwa Wajerumani, wanamtaka atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Muulize swali: akitamka anaumia wapi? Yeye binafsi ameshakwisha. Lakini atakuwa anawaambia watoto wa kesho kwamba waliopigana walikosea kupigana. Hasemi. Muweke sasa pembeni ya Stockmann, mmoja anaangamia kwa kusema maji ni mabaya, mwingine anakataa kuyakana maji asiyokuwa na uhakika nayo, halafu jaribu kuwaandika wote wawili "jasiri" uone kalamu kama haitakataa.

Ndugu zangu, acheni notisi za kununua. Nasema kwa uchungu kwa sababu zilinila mwaka mzima. Someni kitabu chenyewe, na someni hasa kile kipande ambacho hakuna anayekiulizia, yule mhusika wa mistari mitatu, yule anayeleta chai na kuondoka. Muulize anaumia wapi. Na nyie walimu wenzangu, mkigawa nafasi za kuigiza mpeni aliyekisoma kitabu, msimpime mtoto kwa meno yake wala kwa viatu vyake, anaweza akawa ndiye pekee darasani anayejua kile kitabu kinasema nini.

Huyo binti wa Moshi sikumtumia notisi. Nilimtumia swali, nikamwambia ajaribu kuliuliza kwa Katherine, mke wa daktari, ambaye madaftari yanampa mstari mmoja tu, mke mtiifu. Alikasirika kidogo, nilimsikia kwenye voisi. Jana saa nne usiku kaleta voisi nyingine ya dakika saba, anaongea haraka haraka, kasema Katherine ndiye anayeumia kuliko wote kwa sababu ana watoto wa kulisha na baba yake mlezi ndiye mwenye kiwanda kimojawapo kinachochafua maji, na bado usiku wa mkutano kaenda kukaa ukumbini na wanawe. Halafu kaniuliza, "Na yule mlevi ticha, yeye anaumia wapi?"

Nimemwambia Jumamosi apande basi aje Usa River, aje na kitabu, tumsome huyo pamoja.