Land Rover ya mzee imesimama chini ya mwembe toka 2008, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tabora, Ng'ambo. Marehemu baba alituachia Land Rover 109, Series III, imesimama chini ya mwembe toka 2008. Kwa nje bodi iko vizuri tu ila pembeni mwa nati pametoka unga mweupe kama chokaa, na sakafu upande wa dereva ukikanyaga inabonyea. Fundi mmoja kaniambia nipige puti na rangi inatosha, mwingine anasema atachomelea bati juu ya chasisi palipooza kazi iishe siku moja. Mi nataka niifanye mwenyewe nyumbani taratibu, nina grenda, jeki, seti ya spana, na umeme upo. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzee. Kabla ya yote nakuomba hiyo gari usimuuzie mtu wa chuma chakavu hata akija na hela mkononi, na hao mafundi wawili wote usiwape kazi, ntakwambia kwanini.

Land Rover inadanganya sana macho. Ilipotoka Uingereza mwaka 1948 vita ilikuwa imeisha juzi tu na chuma kilikuwa cha mgao, so wakaamua bodi waifanye ya alminiamu, na mtindo huo ukaendelea mpaka hizi Series III ambazo zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Alminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma. Sasa wewe unaizunguka gari, unaona madga yamenyooka, milango imenyooka, unasema hii nzima, kumbe chini yake chasisi ni chuma, na ile fremu inayobeba kioo cha mbele na dashibodi na kushikilia milango nayo ni chuma, na huko ndiko inakoliwa. Ngozi nzima, mifupa imeoza. Kwahiyo puti na rangi hapo unampamba mgonjwa tu.

Huo unga mweupe sio chokaa, ni alminiamu yenyewe inaliwa. Metali mbili tofauti zikigusana alafu pakawa na maji katikati inakuwa kama betri ndogo, umeme kidogo sana unapita, na katika hao wawili alminiamu ndo inayojitoa sadaka, chuma kinapona. Ndo maana unauona pale pale penye nati za chuma na kwenye maungio, katikati ya bati hauuoni. Utauondoa kwa brashi na msasa, lakini ukifunga tena bila kuweka kitu katikati utarudi. Nitafika hapo.

Sasa kuanza. Usianze na spana, usianze na grenda. Anza na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, nguo chafu, miwani, ulale chini ya gari asubuhi kukiwa na mwanga. Gari iwe imekaa kwenye magogo au stendi imara, sio juu ya jeki peke yake, narudia sio juu ya jeki. Gonga chasisi kidogo kidogo kuanzia mbele kwenda nyuma kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia, nyundo inarudi mkononi. Palipooza panatoa sauti iliyokufa, kama unagonga kopo lililojaa mchanga, na nyundo hairudi. Hapo chomeka bisibisi. Ikizama, zungusha, na utaona kutu inatoka tabaka tabaka kama chapati iliyokandwa vizuri, hiyo ni kwa sababu chuma kikigeuka kutu kinavimba, kinachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, so kinasukuma bati mpaka maungio yanaachana. Weka alama kwa chaki kila palipolia vibaya.

Sehemu za kuangalia kwa hasira ni hizi: boriti ya nyuma kabisa pale panapofungwa trela maana matope ya matairi yote yanaishia humo, mahali springi za nyuma zinaposhika chasisi, ile mikono inayochomoza pembeni ya chasisi kubeba bodi na tangi, miguu ya nguzo za milango, na sakafu za miguu ambazo wewe tayari umeziona. Alafu kwa gari iliyokaa chini ya mwembe fungua vile vifuniko vya hewa chini ya kioo cha mbele. Nakuhakikishia utakuta majani yameoza humo yamekuwa mbolea, na mbolea inashika unyevu kama sponji wiki nzima baada ya mvua moja. Ndo imekula hiyo sakafu ya dereva, maji yanashuka toka juu.

Na hapa ndo penyewe nataka unielewe kuliko pengine popote: chasisi hii ni boksi, ina uwazi ndani, na inaozea ndani ikija nje. Ukiona tundu nje ujue ndani kazi ilishaisha zamani. Kiwandani waliiwekea vitundu vya kumwaga maji, vikizibwa na matope maji yanakaa humo. Kutu ni maji yaliyokosa njia ya kutoka. Ndo maana huyo fundi wako wa bati juu ya bati namkatalia kabisa: anatengeneza mfuko mwingine wa maji, kati ya bati jipya na la zamani, na weldingi haishiki kwenye chuma kilichooza. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mwaka 2011 mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo hapa Kigoma, mteja alikuwa na haraka, nikachomelea juu, nikapaka nyeusi ikapendeza. Masika mawili hayakupita, kishikio cha springi kikachomoka akiwa anashuka milima ya barabara ya Manyovu na familia ndani. Hawakuumia namshukuru Mungu, lakini nilienda kuiona gari pale pembeni ya barabara, bati langu lilikuwa zima linang'aa, limebanduka na kipande cha kutu nyuma yake. Toka siku ile nakata mpaka nikutane na chuma kizima, hata kama mteja atanuna.

Kwahiyo na wewe utakata. Lakini kabla ya kukata chochote tafuta namba ya chasisi, imegongwa kwenye chasisi kule mbele upande wa kulia karibu na springi, isafishe kwa brashi taratibu, ilinganishe na kadi ya mzee, ipige picha, na mahali hapo grenda isiguse kabisa, usije ukapata shida ya umiliki baadae. Pili, mlango uache umefungwa mahali pake ndo kipimo chako. Kama unakata mguu wa nguzo ya mlango, chomelea kwanza kipande cha angle ya chuma kuvuka uwazi wa mlango isisogee, na usikate kushoto na kulia siku moja, maliza upande mmoja ndo uende wa pili. Pima mshazari kwa mshazari na uandike kwenye daftari. Gari nyingi zinazofungwa milango kwa teke zilikatwa bila kupima.

Nati zilizogandana usizilazimishe. Ziloweke oili ya kulegeza jioni, rudia asubuhi, siku tatu nne, alafu ndo ujaribu kwa kukaza kidogo kwanza kabla ya kulegeza. Zikikataa kata, nati ni bei ndogo.

Kwa chasisi tumia bati la milimita 2, sio bati la paa wala la pipa. Mashine ya rodi inatosha ukiwa na rodi za milimita 2.5 na ampea kama 60 mpaka 80, piga vipande vifupi, ruka huku ruka kule, ukinyoosha mstari mmoja mrefu bati linapinda. Kwa sakafu na bati jembamba rodi inatoboa, hapo mtafute mtu mwenye gesi au mashine ya waya, umlipe hiyo tu. Betri iwe imetolewa. Tangi la petroli, liko chini ya siti au nyuma kutegemea na bodi yako, litolewe kabisa lipelekwe mbali, na mtu asikwambie tangi liko tupu. Tangi tupu ndo baya zaidi kwa sababu limejaa mvuke, likitoboka usilichomelee nyumbani hata kama umelisuuza. Na rangi za zamani nyingi zina risasi ndani yake, so sugua kwa maji sio kavu, vaa barakoa, watoto wakae mbali na vumbi hilo.

Vitu vidogo kama bawaba, vishikio na boliti unaweza kuvitoa kutu bila jasho. Ndoo ya plastiki, maji, washing soda (magadi ya kufulia) vijiko vichache, chaja ya betri ya volti 12. Kifaa chenye kutu unakifunga kwenye hasi, kwenye chanya unafunga kipande cha chuma cha kawaida, visigusane, acha usiku mzima. Fanyia nje kwenye upepo kwa sababu inatoa haidrojeni na ile inalipuka. Usitumie chumvi, usitumie stenlesi maana inatoa sumu kwenye maji, na kitu chochote cha alminiamu usikitie humo kabisa, hayo maji yanaila. Springi pia usiweke, zinakuja kukatika. Kama umeme unasumbua loweka kwenye siki siku moja, suuza kwa maji ya magadi, kausha hapo hapo juani.

Chuma ukishakisafisha kikawa cheupe usikiache kilale hivyo, siku hiyo hiyo kifute kwa thina na upige praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma. Redoksaidi, ile praima nyekundu, watu wanaipenda kwa bei, sawa, ila ile peke yake inapitisha maji, lazima juu yake ipakwe rangi. Wengi wanapaka redoksaidi wanaona wamemaliza, mwakani kutu inachungulia. Puti tumia kwenye vibonyeo tu juu ya praima, sio kwenye matundu. Kwa bodi ya alminiamu kuna praima yake ya kung'ata, ukipaka ya kawaida inabanduka kama ngozi ya nyoka. Kompresa sio lazima, chasisi ya brashi inakaa vizuri tu.

Wakati wa kufunga, kila alminiamu inapokutana na chuma weka kipande cha tyubu ya tairi katikati na washa ya plastiki chini ya nati, grisi juu. Usiweke kitambaa wala karatasi, vinanyonya maji. Hapo ule unga mweupe umeukatia umeme.

Ndani ya chasisi sasa. Wengi wanamwagia oili chafu, mi siipendi, ina asidi za injini na inaharibu mipira ya bushi. Wewe uko Tabora, nchi ya asali, nta ya nyuki unaipata kirahisi kuliko mimi. Yeyusha nta kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, sio juu ya moto moja kwa moja, changanya na oili safi mpaka ikipoa iwe laini kama mafuta ya kupaka, ipashe tena na uisukume kwa bomba la oili kupitia vile vitundu, mchana wa jua kali ili ipenye. Zibua vitundu kwanza, na ukimaliza vipitishie waya viwe wazi. Kama unadharau mafuta kumbuka Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916, enzi hizo inaitwa Graf von Götzen, mainjinia walizipaka injini grisi nene kabla haijaenda chini. Ilitolewa majini 1924, na 1927 ikarudi kazini. Miaka mingi majini, grisi ndo ililinda.

Injini usiipige stata hata kama umepata betri mpya. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili kila silinda, subiri siku mbili tatu, alafu izungushe kwa ile hendeli ya mbele. Ikizunguka niandikie tuendelee na kabureta na breki, hizo ni kazi ya siku nyingine, na breki usiziamini hata moja mpaka zifunguliwe.

Kazi ya nje ipange kuanzia Juni, mvua zenu zitakuwa zimekata na una mpaka Oktoba. Kwa sasa iondoe chini ya huo mwembe, hata kwa kusukuma, safisha yale majani chini ya kioo leo hii. Alafu piga nyundo kama nilivyokwambia, hesabu alama za chaki kushoto ngapi kulia ngapi, na upige picha boriti ya nyuma ukiwa umelala chini kabisa unaangalia juu, hapo nitakwambia kama ni ya kukata nusu au nzima.