Mboji ya Mabaki ya Jikoni kwa Mchanga wa Kigamboni

Anayelima bustani Kigamboni anajua kwamba maji aliyomwagilia asubuhi hupotea kabla ya adhuhuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya udongo wa huku ni mchanga usioshika maji wala rutuba. Kwa misimu kadhaa nilitegemea mbolea ya dukani, lakini kila masika mvua kubwa iliisukuma chini ya mizizi na mchicha ukabaki wa njano. Kilichonisaidia ni mboji ya mabaki ya jikoni, ingawa jaribio la kwanza liliharibika vibaya.

Nilijaza ndoo ya lita 20 maganda ya ndizi na ya viazi, mabua ya mchicha na, kwa vile kwetu nazi hukunwa karibu kila siku, machicha mengi kupita kiasi. Siku ya tano funza walikuwa wamepanda hadi kwenye mfuniko, na jirani yangu, mama mtu mzima asiyependa kulalamika, aliniuliza kwa upole kama kuna kuku aliyefia uani.

Kosa lilikuwa moja tu: sikuweka kitu kikavu. Mabaki ya jikoni yana maji na naitrojeni nyingi, hivyo yakikaa peke yake hushikamana, hewa ikakosa njia, nayo yakaoza kwa uvundo badala ya kuiva. Siku hizi kila kopo la mabaki nalifunika kwa makopo mawili au matatu ya majani makavu ya mwembe, yale yale tuliyozoea kuyafagia na kuyachoma, na machicha nayatawanya kidogo kidogo kwa sababu mafuta yake huvuta sisimizi. Ndoo nimeitoboa chini na ubavuni, na kila wiki nageuza. Ukibinya konzi moja, inatosha itoe tone moja au mawili. Ikichuruzika, ongeza majani. Samaki, nyama na wali wenye mafuta sitii kabisa, maana panya hawahitaji mwaliko. Maganda ya mayai nayatwanga kwanza, la sivyo utayakuta mazima baada ya mwaka.

Kwa joto letu, mboji huiva kwa miezi miwili hadi mitatu, ikawa nyeusi na yenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Nachanganya sehemu moja ya mboji na mbili za mchanga, kisha napanda. Mbegu za papai na nyanya hunusurika humo, kwa hiyo kwenye tuta la mchicha huota miche nisiyoipanda. Ya papai naihamishia kando ya ukuta.