Kabla hujapiga harusi kwa kamera ya filamu ya zamani, safisha filamu moja

Ndugu, swali lako kuhusu rangi za picha liache kwanza. Umesema umenunua kamera ya filamu ya zamani, una filamu tano za picha 36, dada yako anaolewa baada ya wiki tatu, na unakusudia kuzipiga zote siku hiyo kisha uzipeleke studio zikasafishwe kwa mkupuo mmoja. Nimeyasoma maneno hayo mara mbili na moyo umeniuma, kwa sababu mpango huo ndio nilioufuata mimi, hatua kwa hatua.

Kwangu haikuwa harusi. Ukoo mzima ulikutana kwa siku mbili nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa na umri wa miaka 89. Nilikuwa na kamera nzuri ya dijiti, nikaiacha makusudi, nikabeba ya filamu niliyoinunua mwezi mmoja kabla, kwa kuwa niliona mkutano kama ule unastahili picha za kushikika mkononi. Nilipiga filamu sita, yaani picha 216. Kamera ililia vizuri, filamu ilivutika bila kukwama, na kwenye kioo cha kutazamia kila uso ulionekana barabara.

Negativu, yaani filamu zenyewe zikiwa zimekwisha kusafishwa, ziliporudi nilizinyanyua dirishani. Picha za jioni, nilizozipiga ndani ya nyumba kwa kasi ya 1/60 ya sekunde, zilikuwa salama. Picha za mchana, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi, zilikuwa na ukanda mtupu upande mmoja wa kila fremu, yaani kila picha moja kwenye filamu, mahali pale pale, kana kwamba mtu amepita na wembe na rula. Bibi alikuwa ameketi mwisho wa safu. Katika picha ya ukoo mzima unauona mkono wake mmoja ulioshika fimbo, unaliona bega, kisha hakuna kitu. Safu ile niliipiga fremu nane, na zote nane zimeishia begani. Bibi alifariki kabla mwaka haujaisha.

Nilianza kwa kuilaumu studio, na niliionea. Pembezoni mwa filamu kuna namba na maandishi yaliyopigwa kwa mwanga kiwandani, ambayo hayaonekani mpaka filamu isafishwe. Yakitoka yamekolea na kusomeka wazi, ujue dawa imefanya kazi yake. Yangu yalisomeka bila shida. Tatizo lilikuwa shata, yaani mlango wa ndani ya kamera unaofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu. Katika kamera za aina ile shata ni mapazia mawili, la kwanza likifungua na la pili likilifuata ili kufunga, na katika kasi kubwa mwanga huingia kupitia mwanya mwembamba uliopo kati yao. Mafuta yakiganda kwa uzee, pazia la kwanza huburura miguu, la pili hulifikia kabla ya mwisho wa safari, na sehemu ya mwisho ya fremu haipati mwanga hata chembe. Kwa 1/60 huoni kasoro yoyote. Kwa 1/1000, chini ya jua kali na kwa filamu ya ISO 400 (namba inayoonyesha filamu inavyonasa mwanga haraka), unapoteza kipande cha picha, wala hutajua, kwa sababu unachokitazama kwenye kioo hakipiti kwenye shata.

Aliyeniuzia aliisogeza kamera sikioni kwangu, akabonyeza, akasema, "Sikiliza inavyolia, hizi ni chuma tupu, haziharibiki." Maneno hayo nimeyasikia tena na tena kutoka kwa wauzaji wa kamera kuukuu, na bado yananikera, kwa kuwa hakuna sikio la binadamu linaloweza kupambanua 1/1000 nzima na 1/1000 iliyokatika. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha negativu ya karibuni iliyotoka kwenye kamera hiyo hiyo hajaijaribu, ameibonyeza tu. Na yule aliyenishauri nikusanye filamu nyingi ndipo nizipeleke, ili kupunguza gharama, aliniponza zaidi ya muuzaji: kama ningesafisha moja tu kabla ya safari, zile nyingine zingepona.

Hapo ndipo filamu inapoachana na dijiti. Kamera ya dijiti aliyoiunda Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, mwaka 1975 ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti, lakini hata kwa mwendo huo mpiga picha angeweza kugundua kasoro akiwa bado na watu wake mbele yake. Mimi niliigundua watu wakiwa wamekwisha kutawanyika.

Kwa hiyo nakusihi: filamu ya pili isiingie kwenye kamera kabla hujaishika mkononi negativu ya filamu ya kwanza. Leo hii fungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, itazamishe kwenye anga jeupe bila kuielekeza kwenye jua, weka 1/1000, bonyeza huku ukichungulia kwa nyuma. Mstatili wote unapaswa kumulika. Upande mmoja ukibaki na giza, ugonjwa ni ule ule wangu. Ukimulika wote, bado usiridhike. Tia filamu moja, na kila unapoivuta hakikisha kifundo cha kuirudishia kinazunguka, maana kisipozunguka huenda filamu haikunasa na unapiga hewa. Piga ukuta ule ule kwa kila kasi, ukirekebisha uwazi wa lenzi kadiri inavyowezekana, na uandike kwenye karatasi fremu ipi ilipigwa kwa kasi ipi. Studio waambie wakurudishie negativu zenyewe, usikubali kutumiwa picha kwenye simu peke yake, kwa sababu mashine zao huongeza mwanga pale ulipopungua na kukuficha kosa.

Siku ya harusi beba pia kamera ya dijiti, na kiapo cha ndoa ukipige kwa hiyo kwanza. Una wiki tatu, muda unatosha. Negativu zikitoka, zishikilie dirishani, uzipige picha kwa simu pamoja na zile namba za pembeni, uziweke hapa nizitazame.